Baba ana makovu kwenye ini, na kidonge cha usingizi kinamlaza mpaka mchana

Kitinda_mimba
Wakuu, shikamooni mliotangulia. Baba ana miaka 68. Tangu mama afariki anameza diazepamu ya miligramu 5 kila usiku, mwaka wa nane huu. Mwezi uliopita ultrasaundi ilionyesha ini limesinyaa na lina makovu; ana homa ya ini B aliyokaa nayo bila kujua. Je, ni vidonge vilivyomharibu? Kaka yangu keshahukumu, anataka kuvitupa chooni leo hii. Halafu siku hizi kidonge kilekile kinamlaza hadi saa sita mchana, mtu ambaye alfajiri alikuwa akikohoa makusudi ili tuamke.

Mfamasia_mzee
Kwanza mzuie kaka yako! Aliyezoea diazepamu miaka yote hiyo akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia.

Diazepamu kuharibu ini ni jambo la nadra sana, na homa ya ini B inatosha kabisa kuleta makovu hayo. Mnaliangalia jambo kinyume. Ini ndilo linaloivunja dawa. Hata kwa mwenye ini zima, nusu ya dozi huweza kuchukua siku moja au mbili kutoka, na ikivunjwa huzaa dawa nyingine, desmethildiazepamu, inayokaa muda mrefu kuliko mama yake. Ini la baba yako limechoka, kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana, na cha juzi, bado vimo. Umri nao unachangia. Lorazepamu na oksazepamu huvunjwa kwa njia fupi zaidi, hazilundikani kiasi hicho, ila kwa mgonjwa kama huyu nazo si salama kivile. Msibadilishe wenyewe.

Pekueni na dawa zake nyingine. Zipo za usingizi na za mafua ya usiku zenye parasetamoli ndani, na hiyo ikizidi ndiyo inayoliumiza ini lenyewe.

NimeuguzaPia
Mdogo wangu, mimi usingizi huo ndio unaonitia hofu. Mama mkwe alianza hivyohivyo, tukasema uzee. Akageuza usiku kuwa mchana, akavaa blauzi nyuma mbele, sahihi yake ikawa michirizi. Kumbe ini halisafishi tena sumu, amonia ikiwamo, zimepanda ubongoni. Na dawa za kulaza huchochea hali hiyo, kama kufunga choo kunavyofanya. Alipewa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, akaharisha, akarudi kutugombeza.

Mwambie baba anyooshe mikono mbele, viganja vimesimama kama anayezuia gari. Vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, msingoje miadi.

Kitinda_mimba
Nimemjaribu sasa hivi. Vinadondoka. Na nilipomuuliza leo siku gani, akanitajia jina la mama.

Kaka anawasha gari. Vidonge vyote nimevitia kwenye mfuko, pamoja na pakiti ya dawa ya mafua iliyokuwa chini ya mto wake.