Naomba ushauri: mdogo wangu anaiuliza akili mnemba kuhusu sukari ya mama

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama ana kisukari, huu ni mwaka wa sita anameza metformin. Juzi usiku mashine ya nyumbani ilisoma 14.2. Mdogo wangu akaiandikia akili mnemba kwenye simu: "Sukari ya mama ni 14, tufanye nini?" Ikajibu imeshuka mno, apewe kitu chenye sukari haraka. Mama akanyweshwa soda chupa nzima! Nilipofika ilikuwa 19.

Kumbe mdogo wangu hakuandika kizio, yaani kipimo kinachofuata namba. Mashine yetu inasoma mmol/L, akili mnemba ikachukulia mg/dL, kizio ambacho 14 ni ya chini mno. Ukizidisha kwa 18 kupata mg/dL, 14.2 inakuwa kama 256, yaani imepanda. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule, sasa anaendelea vizuri, ila moyo wangu bado haujatulia.

Siwezi kumnyang'anya simu, maana ndiye anayeshinda na mama, na kliniki ni mara moja kwa mwezi. Nimebandika ukutani karatasi yenye kizio na namba ya nesi. Nyie wenye wagonjwa nyumbani, mmewafundishaje vijana kuuliza vizuri, na kujua wakati wa kuiacha simu wakatafute daktari?