Komandoo wa ukumbini kaniita "mpika uji" mbele ya wakwe zangu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, tai sijavua. Nimetoka kwenye kipaimara sasa hivi. Yule mtu wetu wa hapa Texas, wa kofia nyeusi na miwani ya jua hata saa nne usiku, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaniita mpika uji. Mbele ya wakwe zangu. Kwenye maikrofoni!

Mimi nimetumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani miaka minne, jikoni. Sijawahi kuficha. Nimeamka saa tisa usiku kuwakaangia vijana mayai kabla ya mazoezi, na mkono huu una kovu la mafuta mpaka leo. Yeye anasema alikuwa SEAL, komandoo wa majini, 2006 hadi 2010. Kila sherehe idadi ya aliowaua inapanda: Krismasi kumi na wawili, Pasaka arobaini, leo kaogelea kutoka Somalia mpaka Mombasa na kisu mdomoni.

Nikamuuliza kwa adabu: kaka, pale Coronado ulikuwa darasa namba ngapi? Kila SEAL anapitia BUD/S, kozi yao ya mafunzo pale Coronado, California, na kila darasa lina namba yake. Akasema ni siri. Kazi inaweza kuwa siri jamani, namba ya darasa siri ya nini?

Nikatoa barua. Miezi miwili nyuma niliandika kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, Missouri. Sheria ya uhuru wa habari inamruhusu mtu yeyote kuomba. Bila ridhaa ya mwenyewe wanakupa cheo, tarehe za utumishi, vituo, nishani na kozi. Wamenijibu hawajaona kumbukumbu yake yoyote.

Akaipokea barua, akaikunja mara mbili, akafutia mdomo mafuta ya mbuzi. Kisha: "Faili langu liliungua kwenye ule moto. Kaa chini, mpika uji." Ukumbi mzima ukacheka. MAMA MKWE AKACHEKA.

Moto ule wa St. Louis ulikuwa Julai 1973! Huyu mtu mwaka jana tulimkatia keki ya miaka 45! Na mafaili yale milioni 16 hadi 18 yaliyoteketea yalikuwa ya nchi kavu na ya anga, ya wanamaji hayakuguswa. Halafu mpika uji ni mimi!

Mzee wa Kahawa: Faili limeungua kabla mwenyewe hajazaliwa. Huyo kweli ni kikosi maalumu.

Binti Pangani: SEAL lazima uwe raia wa Marekani. Huyu kaapa uraia 2019, mbuzi wake tumekula wote.

Kobe Mkavu: Mleta uzi, miezi miwili unasubiri barua kuhusu mwanaume mwenzio? Huna mke?

Mleta uzi: Kaniita mpika uji mbele ya huyo mke!

Karani Mstaafu: Pole mkuu, ila "hatujaona" si sawa na "hakuwepo". Herufi moja ya jina ikikosewa hawamwoni. Tuma tena na tarehe ya kuzaliwa, na uliulize Jeshi la Wanamaji lenyewe kuhusu hiyo kozi.

Jirani Mwema: Mshtaki, afungwe.

Karani Mstaafu: Uongo mtupu haumfungi mtu. 2012 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Alvarez, yule aliyedanganya kwenye kikao cha bodi ya maji California kwamba ana Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa jeshini. Wakasema hata uongo ule unalindwa na uhuru wa kusema. Sheria ya 2013 inamkamata anayejitangazia nishani kubwa ili apate fedha au faida nyingine.

Binti Pangani: Sahani tatu za mbuzi ni faida au si faida?

Mama Wawili: Mimi kaniuzia fulana mbili za makomandoo, dola 40, mpaka leo sijaziona. Nikipiga simu anasema yuko kwenye operesheni.

Mtu wa Baridi: Nyie mna nafuu. Huku Minnesota tuna "daktari" anayepima watu presha misibani. Kamwambia shangazi yangu ana mimba, shangazi ana miaka 71.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Aliikunja barua, akajifutia mdomo, akasema kaa chini mpika uji.

Kobe Mkavu: Tumesikia. Sasa pilau ya leo nani kapika? Nimetafuna mawe mawili.

Jirani Mwema: Usimsingizie mpishi, mchele ulinunuliwa na kamati. Iulizwe kamati.

Mama Wawili: Kamati hiyo hiyo ina dola 300 zetu za ukumbi tangu ule msiba wa Aprili. Mweka hazina yumo humu, anasoma na kupita.

Mtu wa Baridi: Mweka hazina njoo.

Kobe Mkavu: Yuko mtandaoni, taa ya kijani ile pale.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

Mama Wawili: Subiri kidogo kaka. Mweka hazina, tunakusubiri.