Shabaha ya mbali: tupeane uzoefu, ni nani alikusomea upepo?

Mlengaji wa Masindi (mwenye uzi)

Wandugu hamjambo. Tumetoka kwenye mashindano ya kirafiki ya kulenga shabaha ya mbali, walikuwepo jeshi, polisi, magereza, marenja na raia wachache wenye vibali, na tangu nirudi watu wakiniuliza umepata pointi ngapi najikuta nawasimulia habari za wale niliokuwa nao kwenye mstari. Nikaona nilete uzi. Kila mtu aandike kisa chake mwenyewe, si cha kusikia, na tafadhali tusitaje majina ya watu wala kambi wala namba za vitengo, mnaelewa kwa nini.

Naanza mimi. Kwa wasiojua mchezo huu, hatuzungumzii mita 100 ambako ukituliza pumzi tu kazi imeisha. Kwenye mita 900 risasi ya 7.62 inakaa hewani kama sekunde moja na nusu, inashuka karibu mita 10 kabla ya kufika, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiipiga ubavuni unaisukuma karibu mita 2 pembeni. Mita 2 jamani, hapo umeshatoka nje ya ubao! Na upepo wenyewe sio mmoja, bendera iliyo karibu nawe inaelekea huku, ya katikati imelala, ile ya mwisho inavuta kule. Macho yako mawili hayatoshi.

Tulipangwa wawili wawili kwa shabaha moja, unapiga wewe, anapiga mwenzako, na kadi yako anaandika yeye, yake unaandika wewe. Huu mtindo ni wa Bisley, kwa wale Waingereza walioanza mashindano yao Wimbledon mwaka 1860, Malkia Victoria akafyatua risasi ya kwanza, halafu 1890 wakahamia Bisley na wako hapo mpaka leo. Mimi nauona ndio utaratibu mzuri kuliko wote, maana mpinzani wako ndiye anayeshika hesabu yako.

Mimi nilipewa mzee mmoja wa magereza, mtu wa kabila la Iteso, anakaribia kustaafu. Alikuwa nyuma yangu kwa pointi chache tu. Kila nikipata tano anaitangaza kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "TANO!", zake anazitaja taratibu kama mtu anayeagiza chai. Sasa ikafika risasi zangu za mwisho mwisho, nimeshavuta pumzi, kidole kiko kwenye kifyatuo, nikamsikia pembeni, "Ngoja kijana, ya katikati imeanza kulala." Nikangoja. Akaniambia rudisha kliki mbili, zile hatua ndogo za kurekebisha mlengo wa bunduki. Nikarudisha, nikapiga, tano ya katikati kabisa. Kwenye mashindano haya kumsomea mwenzako upepo inaruhusiwa, lakini hakuna sheria inayokulazimisha. Angenyamaza tu angenipita, na hakuna ambaye angejua.

Haya, leteni vyenu.

Dada wa Shimoni

Asante kwa uzi huu afande. Mimi ni polisi, nitaongea kuhusu shimoni kwa sababu watu wakielezea mashindano wanasahau kwamba kuna wengine walikuwa chini ya tuta, shabaha ziko juu ya vichwa vyao, wakizishusha na kuzipandisha kutwa nzima. Risasi ikipita, unashusha fremu, unatafuta tundu, unachomeka kile kisahani ili mlengaji akione kwa darubini, unaziba tundu la zamani kwa karatasi na gundi, unapandisha. Kisha tena. Kisha tena. Ukichelewa upepo unabadilika na mlengaji wa watu ameumia bila kosa lake, kwa hiyo shimoni nako kuna ufundi na kuna wivu wa kazi.

Kitu ambacho huwa nawaambia wanangu ni ule mlio. Risasi inafika kabla ya sauti ya bunduki. Unasikia kwanza PAA kali juu yako, kama fimbo ya mwanzi imevunjwa sikioni, halafu baada ya muda, ukiwa umeshashika kamba ya fremu, ndio unasikia "duu" ya bunduki yenyewe kutoka mbali kule. Siku ya kwanza unaruka. Baadaye unazoea mpaka unafanya kazi kwa huo mpigo.

Niliwekwa fremu moja na kaka mmoja mwanajeshi kutoka Arua, mimi kwetu Kabale, yeye Kilugbara mimi Rukiga, hapo ni Kiswahili tu kinatuunganisha, chake cha jeshini changu cha depo. Katikati ya mchana ikaja mvua ya ghafla ile ya kwetu, gundi ikaharibika yote. Kazi ingesimama. Huyo kaka akaomba ruhusa, bendera nyekundu ikapandishwa, mstarini bolti zote za bunduki zikafunguliwa na chemba zikakaguliwa kama zina risasi, akatoka mbio mpaka jikoni na kurudi na sufuria ya uji mzito wa unga wa ngano. Tukabandika kwa uji! Na ulishika kweli, bora kuliko ile gundi. Shabaha zote zilizobaki siku ile zilizibwa kwa uji wa mama wa jikoni na hakuna mlengaji hata mmoja aliyejua. Mpaka leo yule kaka akipita Kampala lazima anipigie, na mke wake tumeshakuwa ndugu, nilimpeleka mimi hospitali alipojifungua.

Mama wa jikoni

Huo uji nilipika mimi mwanangu 😀 nimefurahi kusoma hapa. Nilijua tu anatania aliposema wa kubandikia.

Mimi sijawahi kushika bunduki. Ninachokijua ni foleni ya chakula. Siku ya kwanza wanakuja kwa makundi, wa jeshi na wa jeshi, marenja na marenja. Siku ya mwisho nawaona wamechanganyika, na kuna desturi moja waliianzisha wenyewe naipenda sana, aliyeshika mkia ndiye anayepakuliwa nyama kwanza, na anayempakulia ni aliyeshinda. Sio kwa kumcheka. Anamuuliza unataka mfupa au mnofu, anamtilia na matoke, anambebea mpaka alipokaa. Posho, yaani ugali, na maharage wengine wanajipakulia wenyewe.

Mgeni kutoka Tanga

Shikamoo mama, ile nyama yako naikumbuka. Mimi ni Mtanzania, nilialikwa na rafiki, nikaja na jedwali langu la kliki nililolitengeneza nyumbani kwa kazi ya muda mrefu, kila umbali nimeuandika na namba yake, najiamini kabisa. Nyumbani ni usawa wa bahari. Aisee, nafika Uganda, mita 300 sawa, mita 600 naanza kuona zinakwenda juu, mita 900 zote ziko juu zaidi ya nusu mita, nyingine hazionekani kabisa. Nikadhani bunduki imegongwa njiani. Nikakagua skrubu, nikakagua darubini, kila kitu kimekaza.

Jirani yangu mstarini alikuwa Mganda, mpinzani wangu wa moja kwa moja kwenye daraja letu, wala hatukuwa tumesalimiana vizuri. Akaniuliza, "Ssebo, jedwali hilo umeliandikia wapi?" Nikamwambia Tanga. Akasema hapa umepanda zaidi ya mita 1,000 kutoka baharini, hewa ni nyepesi, haiizuii risasi kama hewa ya kwenu, kwa hiyo haishuki kama ulivyoandika. Halafu, na hapa ndipo alinimaliza, akatoa daftari lake mwenyewe, akalifungua ukurasa wa mita 900 mbele ya macho yangu. Daftari la mlengaji! Wenye mchezo wanajua, kuna watu hawamwonyeshi hata ndugu wa tumbo moja. Bunduki zetu zilikuwa za aina moja na risasi za aina moja, nikanakili. Jioni yake tukakaa na rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, na chai tukapitia umbali wote, mayai yanachuruzika mpaka kwenye karatasi. Mwaka uliofuata alikuja Tanga yeye, na mimi nilikuwa nimemwandalia jedwali la pwani kabla hajashuka kwenye basi.

Kijana wa Mbarara

Naomba kuuliza wakubwa. Nilisikia mstarini wazee wawili wakibishana kwamba dunia inavyozunguka inaisogeza risasi, mmoja anasema inakwenda kulia, mwingine anasema hapa kwetu haiendi popote. Nani alikuwa sahihi?

Mlengaji wa Masindi (mwenye uzi)

Wote wawili, kila mmoja na mahali pake. Kaskazini mbali na Ikweta risasi inasogea kulia kidogo, kusini inasogea kushoto, na ukikaribia Ikweta ule msogeo wa pembeni unapungua mpaka unaisha. Sisi Ikweta inapita hapo Kayabwe barabara ya Masaka, kwa hiyo kwa pembeni hatuna hesabu. Lakini kuna juu na chini, na hiyo ndiyo inakuwa kubwa zaidi hapa kwetu, ukipiga kuelekea mashariki risasi inaangukia juu kidogo, magharibi inaangukia chini kidogo, kama sentimita 10 hivi kwenye mita 900. Hao wazee nawajua. Wanabishana hivyo kila mwaka, na kila mwaka wanaomba wapangwe shabaha moja, ukiwatenganisha wanalalamika kwa afande wa renji, yaani uwanja wa shabaha.

Renja wa Kidepo

Mimi langu ni la bunduki. Sisi kule kazi yetu ni wanyama na mipaka, bunduki zinafanya kazi kwenye vumbi kila siku. Siku ya pili ya mashindano ile pini ya ndani inayogonga risasi ikakatika. Spea hakuna. Nikavua kofia nikaanza kukunja mkeka, kutoka Karamoja mpaka kule ni safari ya kuchosha mifupa, roho iliniuma mpaka nikawa siongei na mtu.

Mwenzangu wa shabaha alikuwa koplo, kijana mdogo tu, mwembamba, mchokozi wa maneno, tangu asubuhi tulikuwa tunatambiana. Akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Hatujamaliza." Akanisukumia bunduki yake. Nikamwambia jicho langu sio lako, shavu langu sio lako, kwa bunduki hiyo nitapoteza na wewe utapoteza. Mnajua ilivyo, darubini iliyopangwa kwa mtu mmoja mwingine akiilalia inapiga pengine. Akasema basi tutaipanga mara mbili. Refa akakubali. Nikapewa risasi za kujaribia, tukaona ninahitaji kliki nne kushoto na tatu chini kuliko yeye, akaandika kwenye plasta akaibandika ubavuni mwa bunduki, mstari mmoja wake mmoja wangu. Basi ikawa anapiga yeye, anafungua bolti, mimi nazungusha kliki zangu, nalala, napiga, nafungua bolti, yeye anazungusha anarudisha zake. Kila risasi. Jua linachoma, mazigazi yanachemka mpaka shabaha inaonekana kama inaelea, saa inakwenda, na hakuna hata mara moja aliyoharakisha zamu yangu. Kuna wakati nilisahau kuzungusha na yeye ndiye aliyeniwahi, "Kliki zako mzee!"

Jamani ile ni bunduki ya askari. Askari hampi mtu bunduki yake, tunafundishwa hivyo kutoka siku ya kwanza, unalala nayo unaamka nayo. Yule kijana alinipa mbele ya kamanda wake, kwa ruhusa, na akapoteza muda wake mwingi kwa ajili yangu. Nafasi niliyoshika sitaiandika hapa kwa sababu nusu yake ni ya kwake. Ile plasta ninayo, iko ndani ya kitambulisho changu.

Mjukuu wa KAR

Nimesoma yote na chozi limenilenga. Babu yangu alikuwa 4 KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni), Jinja, alirudi kutoka Burma na mguu mmoja mbovu lakini jicho zima. Mimi ninachokikumbuka mwenyewe ni mzee mwenzake aliyekuwa anakuja kwetu kutoka Soroti kila sikukuu, wanakaa chini ya mwembe wanagombana kuhusu shabaha moja ya zamani ya renji ya Jinja, bunduki za Lee-Enfield za .303, nani alipata na nani alikosa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maadui. Babu alipofariki yule mzee ndiye aliyekuja wa kwanza, alilala kwetu msibani mpaka matanga yakaisha, na kila mgeni aliyefika alimwambia, "Huyu alinishinda, nilikuwa naandika kadi yake mimi mwenyewe."

Mlengaji wa Masindi (mwenye uzi)

Pole sana na asante kwa kutuletea. Nitamsomea hicho kisa chako yule mzee wangu wa magereza, yeye hana simu ya intaneti.

Renja, huyo koplo nahisi namjua, kama ndiye anayevaa saa mkono wa kulia basi mwaka huu amepandishwa cheo na alikuwa spota, msoma upepo, wa timu nzima, alikuwa anakuulizia. Wa Moroto na Gulu bado hamjaandika, na nyie wa shimoni upande wa mita 600 mlikuwa na visa vyenu na yule nyoka, leteni.