Msaada: soneti ya Wilfred Owen kuhusu askari na kifo, nimekwama

binti_ualimu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nasoma ualimu, na wiki ijayo nawasilisha darasani soneti (shairi la mishororo kumi na minne) ya Wilfred Owen, Anthem for Doomed Youth, ya mwaka 1917. Historia yake ninayo. Owen alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, akapata mshtuko wa vita huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akapelekwa hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh. Humo akakutana na Siegfried Sassoon, mshairi mwenzake na askari mwenzake, aliyemsaidia kuinyoosha soneti hii.

Nimekwama sehemu mbili. Kila mtu anasema inapinga vita, lakini nimeisoma yote sijaona mstari unaosema vita ni vibaya. Halafu huo mshororo wa kwanza unaouliza ni kengele gani zitakazogongwa kwa ajili ya hawa wanaokufa kama ng'ombe. Kaka yangu ni mwanajeshi, na maneno hayo yameniuma. Kama ni kuwatukana marehemu, nitasimama vipi kuyatetea mbele ya watu?

mkufunzi_mstaafu:
Marahaba mwanangu. Swali lako la pili ndilo linalofungua la kwanza, kwa hiyo tuanzie hapo.

Tashbihi ya ng'ombe haiwashushi askari. Inamsuta aliyewapeleka. Ng'ombe machinjioni haulizwi, haagwi, na hakuna anayesimama kumsomea dua. Owen aliongoza vijana hao kwenye mahandaki na aliwaona wakifa kwa mtindo huo. Anachokataa ni sisi kuwazika kwa maneno matamu na huku tuliwatuma kufa kama mifugo.

Sasa tazama fani inavyofanya kazi. Mishororo minane ya kwanza iko vitani. Chukua ibada ya maziko ya Kikristo, hatua kwa hatua, uone kila hatua imebadilishwa na nini. Mahali pa kengele ya msiba pana hasira ya mizinga. Mahali pa sala za padri pana bunduki zinazogugumia, na katika mshororo wa tatu Owen amerundika sauti za r na t mpaka ukiusoma kwa sauti ulimi wenyewe unafyatua risasi. Mahali pa kwaya pana mabomu yanayopita angani yakilia kama wendawazimu. Hizo ni tashihisi. Silaha zimepewa sauti ya kibinadamu, na binadamu mwenyewe hana sauti hata moja humo. Angalia tena: hakuna askari anayesema, anayelia wala anayeomba. Huko ndiko kupinga vita kulikofichwa. Yeye hahubiri, anakuonyesha maziko ambayo muuaji ndiye anayeendesha ibada.

Mshororo wa nane ndio mlango. Tarumbeta zinawaita kutoka majimbo ya kwao yenye huzuni, na tangu hapo tumeondoka vitani, tuko nyumbani Uingereza. Mishororo sita ya mwisho inauliza swali la pili la balagha: ni mishumaa gani itakayowashwa kuwasindikiza? Jibu ni kwamba haitakuwa mikononi mwa wavulana wa altareni. Itang'aa machoni mwao. Weupe wa nyuso za wasichana ndio utakuwa kitambaa cha jeneza, na maua yao yatakuwa upole wa nyoyo zenye subira. Na kila jioni inayoingia polepole ni kushusha mapazia, maana desturi ya Waingereza wa wakati ule ilikuwa kufunga mapazia nyumba ikiwa na msiba. Ona neno kila. Msiba huo hauna arobaini. Jua likizama, unaanza upya.

pwani_msomaji:
Mkufunzi, nakuheshimu, ila hizo sita za mwisho mimi zinanitatiza. Anaanza na mauaji ya kutisha, anamaliza na wasichana, maua na machweo. Kifo kinakuwa kizuri. Msomaji anatoka amefarijika, na mtu aliyefarijika haandamani kupinga vita.

mkufunzi_mstaafu:
Hoja nzito, na binti aipeleke darasani kama ilivyo. Mimi nasema hivi: hayo maua hayapo. Mshumaa haupo, jeneza halipo, mwili wenyewe umebaki Ufaransa. Ameorodhesha vitu vya maziko akavikosesha vyote, kilichobaki ni nyuso za watu waliofiwa. Lakini nakubali kwamba sauti imelainika, na pengine imelainika kuliko mishororo minane ya juu inavyoruhusu.

mjukuu_wa_mpagazi:
Naongeza moja. Vita hivyo vilifika kwetu pia, na Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, na makaburi yao hayajulikani. Nenda kwenye Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, ukasome maandishi yake. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayamo. Mimi babu mzaa babu yangu alikwenda na hakurudi, na jina lake tunalo kwa sababu bibi zetu walilishika, si kwa sababu ya sanamu. Owen angeielewa hali hiyo. Ukiweka sanamu hiyo kando ya soneti, darasa zima litaona ugomvi wake ni na nani.

binti_ualimu:
Asanteni sana, nimefunguka macho. Nitaitumia sanamu. Mkufunzi, niwasilishe kwa mpangilio gani? Nilipanga kuanza na wasifu wake.

mkufunzi_mstaafu:
Wasifu usiwe mwanzo. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre–Oise, akiwa na miaka 25, juma moja kabla ya vita kwisha. Telegramu ya kifo chake iliwafikia wazazi wake Shrewsbury tarehe 11, siku ambayo kengele zilikuwa zikigongwa kushangilia amani. Ukilisema hilo mwanzoni, darasa litamlilia Owen na kuwasahau vijana wasio na majina anaowasema. Anza kwa kusoma soneti kwa sauti. Nane za kwanza zisome haraka na kwa ukali. Ukimaliza mshororo wa nane nyamaza kidogo, kisha sita zilizobaki zisome taratibu. Halafu waulize wanafunzi wamesikia sauti gani na nani hakusikika. Vina usiviache (herufi moja ni kina kimoja): ABAB CDCD vya Kishakespeare juu, EFFE GG chini, ila mgawanyo wa maana ni wa Kiitaliano, nane kwa sita. Mtahini atauliza hilo.