Naombeni ushauri: parokia yetu huku California inataka kurudisha sanamu ya Mtakatifu Serra, nami ni mjumbe wa baraza

Mwanakwaya wa Pasifiki
Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mkenya, ninaishi California na familia yangu, na ninaimba katika kwaya ya parokia ambayo jina lake naomba nisilitaje. Mwaka 2020, sanamu za Mtakatifu Junípero Serra, padre Mhispania wa karne ya 18 aliyeanzisha misheni huku California, zilipoangushwa na waandamanaji San Francisco tarehe 19 Juni, Los Angeles siku iliyofuata na Sacramento tarehe 4 Julai, paroko tuliyekuwa naye wakati huo aliamua kuiondoa ya kwetu kabla haijafikiwa. Ilikuwa ya plasta, ikavunjika mikononi mwa waliokuwa wakiibeba. Sasa wazee wa parokia wanataka iwekwe mpya pale pale mbele ya kanisa, ikitazama barabara, ilhali tunazo familia kadhaa za wenyeji wa asili ambazo zimesema wazi kwamba siku itakaposimama, wao watahamia parokia nyingine. Baraza linakutana mwezi ujao na kila mjumbe atatoa maoni yake. Silali vizuri. Niseme ndiyo au niseme hapana?

Katekista Mstaafu
Mwanangu, sioni swali hapa. Papa Fransisko alimtangaza Padre Serra kuwa mtakatifu tarehe 23 Septemba 2015 mjini Washington, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kutangazwa mtakatifu katika ardhi ya Marekani. Kabla ya siku hiyo watu walikwisha kubishana miaka mingi, na Kanisa liliyasikia yote. Huyu ni mtu ambaye, akiwa na mguu mbovu, alisafiri kutoka California hadi Mexico mwaka 1773 kumwona Bucareli, mtawala aliyemwakilisha mfalme wa Hispania, akampelekea hoja 32, nyingine zikiwa za kuwalinda wenyeji dhidi ya askari wa Kihispania waliokuwa wakiwatesa. Vijana wa siku hizi hawajui hata kufunga Kwaresima, lakini wanajua kufunga kamba shingoni mwa mtakatifu. Sema ndiyo.

Kalamu Nyekundu
Mzee Katekista, shikamoo, ila umesoma upande mmoja wa daftari. Serra alianzisha misheni 9 kati ya 21 za California, kuanzia San Diego mwaka 1769, na katika misheni hizo mwenyeji aliyekwisha kubatizwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka na kurudi kwao apendavyo. Akitoroka, alifuatwa na askari, akarudishwa, akachapwa viboko. Hayo hayakuzushwa na wapinzani wake. Serra mwenyewe alimwandikia Neve, gavana wa California, mwaka 1780 akitetea viboko kama adhabu ya baba kwa wanawe. Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa San Diego, walikuwa wamekwisha kutoa jibu lao mwaka 1775, walipoichoma misheni na kumuua Padre Luis Jayme. Ni kweli, na nitakuwa mwongo nikiificha, kwamba Serra aliomba waasi hao wasiuawe. Lakini ndugu yetu hakuuliza kama Serra yuko mbinguni. Ameuliza kama asimamishwe kando ya barabara, mahali ambapo kitukuu wa aliyechapwa hana budi kupita chini yake kila Jumapili.

Mtoto wa Bagamoyo
Mmenikumbusha kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji. Mimi huwatembeza wageni pale, na kila mara kuna mmoja anayebubujikwa na machozi kwa shukrani na mwingine anayeniuliza kwa ukali kama waliokombolewa waliruhusiwa kwenda watakako, kwa maana walilima mashamba ya misheni na siku yao nzima ilipangwa na mapadre. Nimezoea kuwajibu wote wawili kwamba hawajakosea. Mgeni mmoja wa Kijerumani alibishana nami juu ya jambo hili mpaka mashua yake ikamwacha, tukaishia kula pweza pamoja.

Mzaha wa Jumamosi
Wana Nairobi tunajua dawa. Sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee ilikatwa kichwa mwaka 2015 na mji haukuanguka. Nyinyi wekeni ya mti tu, ikiangushwa mnapata kuni za sherehe ya Pasaka.

Mwanakwaya wa Pasifiki
Nawashukuru wote. Ndugu Mzaha, naomba tusifanye utani na mambo haya. Gogo la mwerezi lililokauka vizuri, lenye urefu wa kumtosha mtu na lisilo na ufa, si kitu cha kutajwa pamoja na kuni.

Wakili wa Mtaani
Kaka, subiri kidogo. Katika maelezo yako ya kwanza hukusema sanamu mpya itachongwa kwa mti gani, wala hukusema kwamba itachongwa. Umelijuaje gogo hilo hadi ufa wake? Na kazi yako huko California ni ipi?

Mwanakwaya wa Pasifiki
Sikuificha kwa nia mbaya; niliona haihusiani na swali. Mimi ni mchongaji. Nilizaliwa Wamunyu, kwa wachongaji wa Ukambani, na tezo niliishika kabla ya kalamu. Wazee waliniomba niichonge sanamu hiyo, wakanipa malipo ya awali, nami nikayalipia karo ya binti yangu. Kichwa kimekwisha na mabega yameanza kutokeza. Kabla hamjanihukumu, fikirini: nikikataa, wataagiza nyingine ya kiwandani, tena mbaya, na itasimama pale pale. Mimi sikumtangaza mtu kuwa mtakatifu na sikumchapa mtu kiboko. Fundi anayejenga mahakama haulizwi juu ya hukumu zinazotolewa humo.

Wakili wa Mtaani
Fundi haulizwi kwa sababu hakai kitini pamoja na hakimu, lakini wewe unataka kukaa. Huwezi kutoa maoni juu ya jambo ambalo tayari umelipwa ili litokee. Mwandikie paroko barua leo, umweleze, kisha siku ya kikao ukae nje.

Mama Jenifa
Mimi sitetei mtu, ila karo ni karo. Wangapi humu mngerudisha fedha?

Jicho Kavu
Ndugu zangu, mnamlisha mtunzi wa hadithi. Kwanza, baraza la parokia kwa sheria ya Kanisa hutoa ushauri tu na mwenye kauli ni paroko, kwa hiyo hiki kikao cha kutisha kinachomnyima mtu usingizi hakipo. Pili, mjumbe wa baraza, mwanakwaya, mchongaji wa Wamunyu, vyote katika mtu mmoja aliye California? Huyu amesoma habari za San Rafael, ambako sanamu iliangushwa katika uwanja wa misheni tarehe 12 Oktoba 2020 na Askofu Mkuu Cordileone wa San Francisco akaenda kusali sala ya kufukuza pepo, kisha huyu mtunzi wetu akaziongezea habari hizo patasi. Mwambieni ataje ana nini mkononi huyo Serra wake.

Katekista Mstaafu
Kwa hili Jicho Kavu hajakosea. Hata mimi nilishangaa kuona mjumbe wa baraza asiyejua kwamba paroko ndiye mwenye neno la mwisho.

Mwanakwaya wa Pasifiki
Nilisema kila mjumbe atatoa maoni. Sikusema tutapiga kura, na paroko wetu wa sasa amekwisha kusema atafuata yatakayosemwa na wengi. Ama kuhusu mkono, nilipewa picha ya ile iliyosimama katika jengo la Bunge la Marekani tangu mwaka 1931, ambamo Serra ameinua msalaba kwa mkono wa kulia na kushika mfano mdogo wa kanisa kwa mkono wa kushoto. Ya kwetu itakuwa na msalaba vilevile. Mkono wa kushoto utakuwa juu ya kichwa cha mtoto.

Kalamu Nyekundu
Mtoto gani?

Mwanakwaya wa Pasifiki
Mtoto wa kienyeji, aliyepiga magoti. Ndivyo walivyoagiza.

Mjukuu wa Likasi
Ninawasoma kutoka Ubelgiji. Huku tuna Padre Damiaan wa Tremelo, yule aliyekwenda Molokai, kisiwa cha Hawaii, mwaka 1873 kuishi na wagonjwa wa ukoma na kufa kwa ugonjwa wao mwaka 1889. Sanamu yake imo katika Bunge hilo hilo la Marekani kwa niaba ya Hawaii, na mwaka 2020 mbunge Alexandria Ocasio-Cortez aliitaja alipolalamika kwamba wanaoheshimiwa pale karibu wote ni wanaume weupe. Wakatoliki wengi walikasirika, nami nilikasirika, kisha nikaitazama sanamu yenyewe: Damiaan amesimama peke yake na fimbo yake, uso umeharibiwa na ugonjwa, na hakuna mgonjwa aliyepigishwa magoti ili padre aonekane mwema. Bwana Mwanakwaya, mimi ninakuamini, kwa sababu anayetunga hadithi asingemchelewesha huyo mtoto hivyo. Pale Sacramento alipoangushwa Serra, tangu mwaka 2023 imesimama sanamu ya William Franklin, kiongozi wa Wamiwok, akiwa wima. Usiku unakosa usingizi kwa ajili ya baraza au kwa ajili ya mtoto?

Mwanakwaya wa Pasifiki
Mtoto yumo katika gogo lile lile. Sikumpachika kando ili nimng'oe. Mkono wa Serra na kichwa cha mtoto ni mti mmoja, na nikimwondoa, mkono utabaki umening'inia hewani. Uso sijauchonga. Nimeanza mara kadhaa nikaweka patasi chini.

Fundi wa Mwenge
Sasa umeuliza swali la kazi, nami ninaliweza. Sehemu ambayo haijapata uso bado ni mti tu. Kama kuna unene wa kutosha mgongoni, msimamishe, mkono wa padre umfikie begani, na huyo si mtoto tena bali kijana. Pima kwanza kutoka kiwiko. Lakini usichonge lolote kabla hizo familia hazijakwambia kama zinataka kuwemo humo hata kidogo.

Mwanakwaya wa Pasifiki
Unene upo. Barua kwa paroko nitaiandika, na familia hizo nitaziendea. Fedha siwezi kurudisha.

Wakili wa Mtaani
Fedha tumekusikia. Hizo familia utaziendea kabla ya kikao au baada yake?