Naomba ushauri: mzee amegundulika na TB tukiwa tumeshamzika

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Mzee wetu alikohoa miezi mitatu, akatibiwa nimonia mara mbili, huku anakonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari. Makohozi yalipimwa mara moja tu, wakasema hayana kitu. Alifariki ghafla, ndiyo maana mwili ukafanyiwa uchunguzi. Juzi majibu ya vipande vya mapafu yametoka: kifua kikuu, vijidudu vimeonekana kwenye darubini.

Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa miaka miwili, maana alikuwa halali mpaka apakatwe na babu yake. Hakohoi, anacheza vizuri. Nijuavyo, watoto wa chini ya miaka 5 walioishi na mgonjwa huchunguzwa, wakionekana hawaumwi hupewa dawa za kinga. Nesi niliyemkuta ananiambia nisubiri dalili! Sikubaliani naye. Nirudi na karatasi ya majibu nimdai daktari?

Halafu vipande vyenyewe vililowekwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia visioze), kwa hiyo vijidudu haviwezi kuoteshwa tena maabara ili vijaribiwe kwa dawa. Tutajuaje kama vilikuwa sugu kwa dawa? Mama yangu naye ana kisukari, nahofia yumo hatarini. Aliyepitia haya anielekeze, tafadhali.