Tupeane uzoefu: trekta kuukuu uliyoinunua ilikusumbua wapi, na uliitengenezaje?

Ndugu wakulima na mafundi, naomba mada hii iwe ya wale walioshika spana wenyewe, au waliosimama karibu na fundi mpaka kazi ikaisha. Mwezi wa kumi nilinunua Massey Ferguson 135, yale matrekta mekundu ya silinda tatu yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ambayo huku kwetu Kongwa bado yanalima mahindi na alizeti kila msimu. Kwa muuzaji iliwaka vizuri, na nyumbani ikafika ikiendeshwa. Siku ya pili shambani ikaanza kuzima. Ilikuwa inafanya kazi kama dakika kumi na tano, nguvu zinapungua taratibu, injini inatikisika, kisha kimya. Ukiiacha nusu saa inawaka tena kana kwamba haikuwa na neno.

Fundi wa kwanza alisema pampu ya dizeli imekufa na akataka kuifungua siku ile ile. Fedha ya pampu sikuwa nayo, hivyo nikamfuata mzee mmoja aliyeyatengeneza matrekta haya tangu ujana wake. Nilipomwamkia na kumweleza, aliuliza swali moja tu: "Ikizima, inazima ghafla au inakufa polepole?" Nikamjibu kwamba inakufa polepole. Akasema, "Basi ina njaa, mwanangu. Pampu tuiache, tuanze kwenye tangi."

Alilegeza bomba la dizeli chini ya tangi, akakinga kopo. Dizeli ilitoka kwa nguvu, ikaendelea hivyo kwa muda, halafu ikakonda mbele ya macho yetu mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Tulipomwaga tangi na kufungua koki, tulikuta chujio lake dogo la wavu limezibwa na magamba ya kutu pamoja na kipande cha kitambaa kilichooza. Hapo ndipo nilipoelewa ile nusu saa ya kupumzika: dizeli ikiacha kuvutwa, uchafu unaachia wavu na kuzama, na injini ikiwashwa unavutwa tena mpaka unaziba.

Baada ya kuosha tangi na kubadilisha filta, ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya dizeli, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo wengi wanapomaliza betri bure. Tulilegeza skrubu iliyo juu ya filta, nikapampu kwa kile kishikio kidogo cha pampu ya kuvutia dizeli, lakini kikawa kinalegea tu bila kusukuma chochote. Mzee akaniambia niizungushe injini mzunguko mmoja, kwa kuwa kamu, yaani kile kinundu cha ndani ya injini kinachousukuma mkono wa pampu, ilikuwa imesimama pale inapoubana mkono wa pampu. Nilipofanya hivyo kikapata nguvu. Kwanza lilitoka povu jeupe, yakafuata mapovu makubwa yanayopasuka moja moja, mwishoni dizeli safi isiyo na hata tone la hewa, ndipo tukakaza. Tukarudia kwenye skrubu za pampu kubwa, kisha tukalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda huku stata ikizungusha, mpaka dizeli ikarukia nje. Ikawaka, na tangu siku hiyo haijazima shambani. Washa za shaba zilizochoka tulizitupa zote, kwa sababu moja tu isiyobana inatosha kuirudisha hewa ndani.

Karibuni nanyi mseme yenu.

*Kutoka Babati:*
Yangu pia ni 135, na shida yake ilikuwa haidroliki. Niliifunga plau, nikavuta kishikio, mikono ya nyuma haikunyanyuka hata kidogo, na mafundi wawili wakaniambia ninunue pampu. Jirani yangu alipofika aliuliza kama kishikio cha PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta, kimeingizwa. Hakikuwa kimeingizwa. Katika trekta hii pampu ya haidroliki huendeshwa na mtambo uleule wa PTO, kwa hiyo ukiuacha nje, mikono haipati nguvu hata kama kila kitu ni kizima. Hata hivyo, ilipoanza kunyanyua ilikuwa nzito na yenye kusitasita. Tulipofungulia oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana mvua ilikuwa imeingia miaka mingi kupitia mpira uliochanika kwenye shina la kishikio cha gia. Oili ya giaboksi na ya haidroliki ni moja, kwa hiyo maji hayo yalikuwa yanakula na gia pia. Nilibadilisha oili mara mbili kabla haijatoka safi, na mpira nikaweka mpya.

*Kutoka Dodoma Mjini:*
Mimi nazungumzia joto. Trekta niliyoinunua ilikuwa imejazwa maji ya kisima yenye chumvi kwa miaka, na rejeta ilikuwa imeziba kwa magadi ndani na makapi ya mtama nje. Siku ilipochemka, kijana wangu aliharakisha kumwaga maji ya baridi ikiwa bado ya moto, na silinda hedi ikapasuka. Hilo liliniuma kuliko bei ya trekta yenyewe, kwa sababu lilizuilika. Ikichemka, izimeni na muisubiri ipoe kabisa, hata kama jua linazama na shamba halijaisha.

*Kutoka Karatu:*
Stata ikizunguka kwa uchovu, msikimbilie betri mpya. Waya wa hasi kwenye trekta yangu ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Niliusugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, na betri ileile ninayo mpaka leo.

*Mwenye mada:*
Nawashukuru sana. Iliyobaki kwangu ni klachi, inateleza nikiwa na plau ya sahani tatu kwenye udongo mzito, na naambiwa lazima trekta igawanywe katikati. Yupo aliyeifanya kazi hiyo nyumbani, bila winchi?

*Kutoka Babati:*
Nimeifanya chini ya mwembe. Kabla ya kufungua boliti hata moja, piga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kiti chake, kwa sababu ekseli hiyo hucheza, na injini ikishatengana na giaboksi inaweza kulala upande na kumbana mtu. Giaboksi isimamishwe juu ya stendi imara, jeki peke yake haitoshi, na sehemu ya mbele isukumwe kwa magurudumu yake juu ya sakafu iliyosawazishwa. Klachi ikiwa nje, angalieni na sili ya nyuma ya injini. Kama inavuja, ibadilisheni hapo hapo.